Sakafu Ilikuwa Kavu

Zimeni hiyo redio, wanangu, na wewe Dereva ilaze simu yako kifudifudi. Tajiri wako hatakufa kwa kukukosa nusu saa; anayekufa ni mimi. Msianze kutazamana. Daktari mwenyewe alikwisha kusema, ila alizungukazunguka sana kabla ya kufika, akanieleza habari za moyo kuchoka na maji kujaa mapafuni, akachukua na karatasi akanichorea, nami nikamwambia, kijana wangu, mimi ni fundi cherehani, nikiona kitambaa kimelika hadi nyuzi zinahesabika sihitaji kuchorewa. Akacheka, kisha akaikunja ile karatasi. Hapo ndipo nilipojua.

Niinueni kidogo, mto mmoja zaidi mgongoni. Hivyo. Mwalimu, wewe ndiye mkubwa, kaa pale nikuone. Dereva kaa popote, maana hata nikikupangia hutakaa. Kitinda mwanangu, ziache hizo nguo unazokunja, njoo kwenye kigoda. Mama yenu mwacheni palepale dirishani kwenye kiti chake, jua la asubuhi linamfaa, na haya nitakayosema anastahili kuyasikia kuliko ninyi nyote. Nitasema kwa mkupuo mmoja. Nikisita ni pumzi, si kwamba nimemaliza, kwa hiyo msinikate kauli.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu. Vyumba vitatu, ukumbi, na chumba cha mbele cha kazi, vyote vyake mpaka siku yake, na asije mtu akaanza kupima upana wa kiwanja wakati udongo wa kaburi langu bado mbichi. Cherehani ya miguu ni ya Kitinda. Aishonee, aiuze, aiwekee vyungu vya maua juu, hiyo ni hiari yake. Ile ya umeme mpeni fundi mwenzangu wa jirani, ameitamani miaka na miaka bila haya. Suruali ya kinyozi iko juu ya meza ya kukatia, imebaki pindo la mguu wa kushoto. Mtafuteni mtu aimalizie upesi, kwa sababu yule bwana akija kunizika na mguu mmoja mrefu watu watasema ndiyo kazi niliyowaachia. Mkasi mkubwa sitaki mtu aurithi. Mpelekeeni anayenoa visu, aufanye atakavyo. Sababu nitaisema.

Sasa mazito. Mnadhani nikifumba macho masikio nayo yamefumba. Nimewasikia pale ukumbini siku nne hizi. Mwalimu anasema ana madarasa mawili na mitihani ya kusahihisha, Dereva anasema mtu wa magari makubwa hana kwao, na nyote mna haki, sikatai. Lakini kila mkifika kwenye swali lenyewe, nani atabaki na mama nikishaondoka, mnamalizia kwa sauti moja, tena kwa nafuu kabisa: Kitinda yupo. Mara tatu nimelisikia wiki hii. Kitinda yupo! Kama watu wanaosema kabati lipo. Na Kitinda mwenyewe anapita na ndoo ya maji, anasikia, anainamisha kichwa. Ninyi mnadhani anainamisha kichwa kwa upole. Mimi ninajua sababu, ndiyo maana sipati usingizi, na sitaki kufa kabla sijaitoa.

Turudi nyuma. Mama yenu alikuwa na mkono ambao sijauona kwa fundi mwingine yeyote. Mimi nilikata na kushona, yeye alitia matundu ya vifungo kwa sindano ya mkono, na mteja mwenye macho akija kuchukua koti alianza kuangalia matundu ya mama yenu, ndipo aangalie mshono wangu. Kisha siku moja nikaona tundu limepinda. Nikamwambia, mke wangu, macho umeyaacha wapi leo? Akafumua, akarudia, likapinda tena. Wiki nzima nilimsumbua na matundu, nikimwambia anafanya kazi kwa uvivu, na yeye anaficha mkono wa kulia chini ya ule wa kushoto. Tulipofika hospitali tukaambiwa ni ugonjwa wa kutetemeka, unaanzia kichwani, hauponi, unatulizwa tu kwa vidonge vinavyotaka saa yake kamili. Nilitoka mle ndani nikiwa na aibu kuliko huzuni. Mtu aliyekuwa anapoteza mkono wake, mimi nilimgombeza kwa ajili ya kola za watu.

Miaka kumi na miwili sasa. Mwanzoni nilifunga kibwebwe kweli. Nilijifunza kumwogesha mtu mwingine bila kumwaibisha, nilijifunza kumgeuza, kumsuka nywele, kumngoja pale mlangoni miguu inapogoma kana kwamba imegundishwa chini. Sikuwa mtu mbaya. Nataka mlijue hilo, kisha mjue kwamba halikunisaidia kitu. Nilikuwa namwogesha huku kichwani nakata koti la mteja. Namvalisha huku nawaza kidonge cha mchana, nampa kidonge cha mchana huku nawaza usiku ataamka mara ngapi. Mabega yalinipanda hadi masikioni. Nikiamka taya zinauma kama mtu aliyetafuna mifupa. Nilianza kuuchukia mlio wa kikombe chake kikigonga kisahani, nikajichukia kwa kuuchukia, halafu nikamchukia na yeye kwa kunifanya nijichukie. Watu wananisimamisha njiani, mama hajambo? Hajambo, nashukuru. Na moyoni natamani mmoja tu aongeze, na wewe je? Hakutokea, nami sikumwambia mtu. Nilijikaza kisabuni, hivyo hivyo, nikadhani ndiyo uanaume.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante.

Ile siku aliyovunjika nyonga mnaijua, au mnadhani mnaijua. Ilikuwa Jumatano, wiki ya kufungua shule, nami nilikuwa na sare za kaki zimerundikana hadi kiunoni. Mwalimu ulikuwa shuleni. Dereva ulikuwa safarini. Kitinda alipiga deki ukumbi, akafungua madirisha, akakaa hadi kila kitu kikawa sawa, ndipo akaenda duka la dawa. Nilibaki mimi na mama yenu. Akaniita. Anataka kiti kisogezwe. Nikasogeza, nikarudi kwenye cherehani. Akaniita, anataka maji. Nikampa. Akaniita, kiti kirudishwe kilipokuwa. Mara ya nne sikuelewa anataka nini, na yeye pia nadhani hakujua, alikuwa anaogopa tu kuwa peke yake. Mara ya saba nilimkuta anajaribu kuinuka mwenyewe. Nikasimama mbele yake na ukanda wa kaki mkononi, ule unaobaki ukishakata viuno vya suruali, nikampitishia tumboni na nyuma ya kiti, nikafunga. Ndiyo. Nilimfunga mama yenu kwenye kiti. Nilifunga fundo la mtu anayejua vitambaa, lisilolegea likivutwa. Nikamwambia, nipe nusu saa, nusu saa tu ya maisha yangu, kisha nikaenda kuikanyaga cherehani ya umeme kwa nguvu zote, kwa sababu ile mashine ikienda kasi hakuna sauti nyingine inayosikika nyumba nzima. Mwalimu, usilie kwanza. Bado.

Aliinuka na kiti. Jinsi alivyopata nguvu sijui. Kishindo sikukisikia kwa masikio, nilikisikia kwa nyayo, sakafu ilitikisika. Nilimkuta ukumbini amelala ubavu, kiti kiko mgongoni, ukanda bado umemshika. Na hapa ndipo mmjue baba yenu. Nilirudi kuchukua mkasi. Kabla sijamuuliza ameumia wapi, kabla sijapiga kelele majirani waje, nilikata ule ukanda, nikaukunja, nikautia mfukoni. Ndio mkasi ule nisiotaka mtu aurithi.

Uongo wenyewe sikuutunga mimi. Wewe Kitinda ndiye uliyeuleta mlangoni, kwa hofu yako. Uliingia na mfuko wa dawa, ukamwona mama yako chini, ukasema, "Baba, ameteleza? Nilipiga deki, Baba, nilipiga deki sasa hivi!" Nami nikaitikia ndiyo. Neno moja. Nilisema moyoni nitalirekebisha tukitoka hospitali. Lakini Dereva ulifika kule ukamfokea mdogo wako mbele ya wagonjwa, na Mwalimu ukauliza kwa ile sauti yako ya darasani, mtu akipiga deki si anakausha? Ukakaa mwezi mzima bila kumsemesha. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yenu kwenye benchi, ukanda uko mfukoni, nikaona kwamba kila dakika inayopita inaufanya mdomo wangu uwe mzito zaidi. Mpaka leo mkikosana naye neno la deki halikosi. Juzi tu, Dereva, kwa sababu ya chai iliyomwagika.

Mnataka kujua ukanda ulikwenda wapi? Sikuthubutu kuutupa, niliogopa hata mwokota taka angeusoma. Niliurudisha kazini. Niliukata mara mbili nikaushona ndani ya kiuno cha suruali ya mtoto wa shule, katikati ya bitana, nikapiga pasi, mzazi wake akaja akaichukua na kunisifu. Miaka sita nimekuwa nikiwatazama watoto wakipita hapa mbele na suruali za kaki, najiuliza ni yupi. Mtoto mwenyewe sasa ni mkubwa, suruali ilikwisha kuwa kitambaa cha kufutia vumbi. Mimi bado natazama.

Na wewe mwanangu ulikuwa na barua ya chuo, chuo cha wataalamu wa maabara. Begi lilikuwa limefungwa, nililiona chini ya kitanda chako. Ulilifungua, ukatundika nguo moja moja. Yule fundi umeme aliyekuwa akikuchumbia alikuja mara mbili, mara ya pili alikaa hapo nje saa nzima, nawe ukamwambia huwezi kumwacha mama. Watu wakakusifu, binti ana moyo wa pekee, nami nikaitikia sifa zile na chai nikanywa. Hukubaki kwa moyo wa pekee tu. Moyo unao, tena mzuri, lakini ulibaki kwa sababu uliamini umemvunja mama yako nyonga. Nilijua. Kila siku nilijua, na kila siku nilikuacha uende kumgeuza.

Ngojeni. Ngojeni nipate hewa.

Ilikuwa baada ya ile nyonga ndipo alipoanza kuja yule mama wa mazoezi ya viungo, mnakumbuka, mnene, mcheshi, mwenye viatu vya raba vyekundu. Alikuja kumnyoosha mama yenu miguu. Wiki ya pili akaniangalia mimi nikishona, akasema, mzee, mwili wako umekaa hapa, wewe mwenyewe uko wapi? Nikamjibu niko kwenye kola ya mteja. Akacheka hadi akajishika kiuno. Akasema, huyu mgonjwa ana dawa zake, wewe anayekutibu ni nani? Akanifundisha jambo ambalo nililiona la kipuuzi kabisa. Kaa kwenye kigoda kabla hujawasha mashine. Weka nyayo zote mbili chini. Laza mikono juu ya meza. Fuata pumzi inavyoingia na inavyotoka, usiisukume, ifuate tu. Akili itatoroka. Ikitoroka usiigombeze, irudishe taratibu, kama unavyokirudisha kitambaa kilichoteleza chini ya sindano. Nikamwambia, mama, hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Akasema dakika tano. Nikasema tatu. Tukabishana kama watu wa sokoni, tukaishia nne.

Wiki tatu sikupata kitu ila kujua kwamba miguu inaniuma. Hilo tu. Kumbe ilikuwa ikiniuma miaka mingi na sikuwa na habari. Kisha nikaanza kuyaona mabega yakipanda, na ukiyaona yanapanda unaweza kuyashusha. Nikaanza kumwona mama yenu. Nisikilizeni hapa vizuri, maana hii ndiyo mali yenyewe ninayowaachia, nyumba ni matofali tu. Ukimfunga vifungo, funga kimoja. Gauni lina vifungo sita, lakini wewe funga kimoja, na vidole vyako viwe pale pale kwenye kile kimoja, mpaka kiingie. Kisha kingine. Ukimnywesha maji, mnyweshe maji, usimnyweshe huku unapigana na kesho. Kazi haikupungua hata chembe, ugonjwa haukurudi nyuma hata hatua, wala msidanganyike kwamba nilikuwa malaika. Nilikasirika bado, ila nilianza kuiona hasira ikiwa mlangoni kabla haijaingia na kukalia kiti changu. Na kikombe kikigonga kisahani, kikawa kikombe kinagonga kisahani, basi. Mwanamke anakunywa chai.

Lakini kuna jambo ambalo yule mama hakuniambia mapema. Ukikaa kimya hivyo, haviji vilivyo vizuri tu. Siku moja nimelaza mikono mezani, nafuata pumzi, ukanda ukaja. Ukaja mzima, na rangi yake ya kaki na fundo lake. Nikaruka nikawasha mashine. Kesho yake ukaja tena. Nikaacha kukaa, miezi na miezi, nikasema haya mambo hayanifai, na mabega yakapanda, na taya zikauma, na siku moja nikausikia tena mkono wangu ukitaka kumshika mama yenu kwa nguvu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikarudi kwenye kigoda. Nikamuuliza yule mama, na kama kinachokuja ni kibaya? Akasema usikifukuze, mzee, kitazame mpaka ujue kinataka nini. Nimekitazama miaka minne. Kilitaka kusemwa. Nilikuwa najua tangu siku ya kwanza, sikutaka tu, nilipenda jinsi mnavyoniita baba.

Na msidhani mama yenu alikuwa hajui. Alikuwa ndani ya ule ukanda. Baada ya kuanguka sauti ilimfifia hata neno lisieleweke, lakini mnakumbuka kila deki ilipotajwa alivyokuwa akiushika mkono wa Kitinda na kutikisa kichwa, kutikisa, kutikisa? Tukasema ni ugonjwa. Mimi nilisema, mbele yenu, ni ugonjwa. Mwangalieni sasa hivi. Huo si ugonjwa, wanangu. Amengoja miaka sita.

Kitinda. Inua uso unitazame, hata kama hutaki. Sakafu ilikuwa kavu. Nilipita juu yake peku nikiwa na ukanda mkononi, kisha nikapita tena na mkasi, na palikuwa pakavu kila mahali, ulikuwa umekausha vizuri kama unavyofanya kila kitu. Hukumwangusha mama yako. Niliyemwangusha ni mimi, na nikakutwika wewe, mtoto wangu mdogo kuliko wote, nikakuacha ubebe. Nisamehe, nasema nisamehe, lakini sikuombi jibu leo wala kabla sijafa. Usinihurumie kwa sababu napumua vibaya. Jibu lako uwe nalo mwenyewe, ulitoe siku utakayotaka, au usilitoe.

Unasimama. Basi simama. Dereva, keti! Usimshike mkono. Mwalimu, usimfuate, umekuwa ukimfuata na maneno miaka sita, leo mwache apumue. Vaa viatu, mwanangu, nje kuna kokoto. Nenda. Nenda popote. Na nikuambie ukiwa bado unasikia, kabla hujafika getini: popote utakapokanyaga pawe pako. Kazi utakayoishika ikukubali. Atakayekupenda akungoje kuliko alivyongoja yule. Na siku ukilala, ulale usingizi wa mtu asiye na deni kwa yeyote, maana huna, hukuwahi kuwa nalo. Mungu akuone vile mimi nilivyokataa kukuona.

Amekwenda?

Mniambie ukweli, amekwenda. Vizuri. Inauma, lakini vizuri.

Sasa ninyi wawili sogeeni, sauti yangu inaisha. Kitinda asiitwe. Asipigiwe simu aulizwe dawa ziko wapi. Dawa ziko kwenye kopo la bluu, saa zimeandikwa kwenye kifuniko. Atakapokuja kumwona mama yake, akae kwenye kiti cha mgeni, aletewe maji, asionyeshwe vyombo vichafu. Deki mtapiga ninyi. Mwalimu, utahamia chumba cha nyuma siku za shule, asubuhi ni zako. Dereva, unaporudi safari zile siku unazozimalizia kijiweni ni za mama yako, na unapokuwa njiani wekeni mtu, mwanamke mzima, mwenye subira, mumheshimu. Kila mmoja awe na siku yake ya kutoka. Siku kamili, bila kuona aibu. Mkikaza taya, mkianza kuuchukia mlio wowote, ambianeni. Semeni nimechoka. Mimi sikulisema lile neno mara moja, tazameni nilichofanya. Na ukiona mkono unataka kufanya kisichofaa, toka chumbani. Kaa chini. Nyayo sakafuni, pumzi nne, hata tano. Yeye atangoja. Anajua kungoja kuliko sisi sote.

Nami mkishanizika rudini nyumbani mapema, msimwache peke yake na wageni. Nawatakieni mwendo mwema, wanangu. Mkae kwa kuulizana hali, na anayeulizwa ajibu kweli. Mungu awape mikono isiyo na haraka. Mwalimu… usilaumiane na mdogo wako. Hata mimi… mnilaumu kidogo kidogo, msinimalize siku moja.

Saa ngapi? Saa sita? Saa sita ni uji wake. Kitinda ndiye humpa. Dereva, ni wewe. Usinitolee macho, bakuli liko jikoni, limefunikwa. Lete. Kaa mbele yake, si kando. Miguu chini. Kijiko kidogo… nusu kijiko. Mpelekee polepole, mdomo utafunguka wenyewe. Umemwagika? Futa. Si kitu. Chukua kingine.

Mngoje. Hajameza bado.

Tazama hapa shingoni… ukiona imepanda na kushuka… ndipo…

Usinitazame mimi, mwanangu. Mtazame yeye.